Magari Yanayotokea Pembeni

Mume wangu alizungumzia gemu redioni kwa miaka kadhaa, na katika muda wote huo alikosea kuhusu gemu moja tu. Ilikuwa gemu ya mbio za magari. Kwa kosa hilo ndipo tulipojua kwamba anapofuka.

Tulikuwa tukiishi Kibondo mjini, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya mbele vinavyofunguka barabarani. Kimoja kilikuwa changu: cherehani, meza ya kukatia, vitenge vya watu vimekunjwa kwenye rafu. Cha pili kilikuwa chake. Humo mlikuwa na runinga zimepangwa ukutani, mabenchi, mashine za gemu zilizofunikwa vitambaa kuzuia vumbi jekundu la kiangazi, na pedi za kuchezea ambazo alizifungua mwenyewe na kuzisafisha kwa mswaki. Vijana wa bodaboda walicheza wakisubiri abiria. Walimu walikuja baada ya kazi. Walikuja pia madereva wa magari ya kambi ya wakimbizi, wengine Wakongo, waliobishana kwa Kiswahili chao chenye Kifaransa ndani yake. Mimi nilisikia yote kupitia ukutani huku nikikunja pindo. Sikujua kucheza na sikutaka kujua.

Yeye alilelewa Busunzu na mama yake. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa wadogo, wakaoana huku, akazaliwa huku, na leo ni raia. Baba yake alifariki yeye hajaanza shule. Nyumbani hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini gemu mpya ikifika alikuwa mtu mwingine. Aliicheza kimya mpaka mwisho, kisha akaianza upya, na mara ya pili alifanya makusudi kila jambo lisilotakiwa. Aligonga kuta. Alisimama pale alipoambiwa akimbie. Aliwasubiri maadui badala ya kuwafuata. Alisema tabia ya gemu unaijua siku unapokataa kuitii.

Redio ilimpata kupitia kwangu. Mtangazaji mmoja wa Kasulu, binti wa familia ya wenye duka la vitambaa nililokuwa nanunua bitana, alikuja kupima gauni la harusi ya dada yake. Babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake bado kilikuwa na ladha ya huko. Nilikuwa nimemzungushia futi kiunoni aliponiashiria ninyamaze. Upande wa pili wa ukuta mume wangu alikuwa akiwaeleza wateja kwa nini gemu mpya ya mpira haifai. Alisema wamebadilisha jezi na nyasi tu, kisha wakatuuzia mechi ya mwaka jana. Alisema mchezaji akiguswa begani anaanguka kama mti, na mwamuzi yupo uwanjani kama pambo. Mtangazaji alisikiliza huku pini zikiwa zimemning'inia kiunoni, na alipoondoka alikuwa ameshamwomba aje studio.

Basi ikawa kila Jumamosi anapanda Hiace kwenda Kasulu, na alasiri mimi nafungua redio juu ya meza ya kukatia. Kipindi kilikuwa kifupi. Alichukua gemu moja iliyotoka karibuni, akaifungua kama fundi anavyofungua mashine, akawaonyesha watu vilivyomo. Hakupenda kusema gemu ni nzuri au mbaya. Aliuliza kama inamheshimu mchezaji. Gemu moja ya mapigano aliisifu sana kwa sababu, alisema, kila pigo lina uzito wake, na ukishindwa unajua umeshindwa kwa haki. Gemu ya kilimo iliyopendwa na dunia nzima aliiponda. Alisema humo hamna panya wala mbuzi wa jirani, mvua haichelewi, na mihogo haina ugonjwa. Akasema aliyeitunga aliliona shamba kupitia dirisha la gari. Jumamosi hiyo ujumbe ulimiminika kutoka Murungu na Kasanda, kwa watu ambao nadhani hawajawahi kushika pedi. Wengine walimbishia. Walisema mtu aliyetoka shambani jioni hataki kukuta panya kwenye runinga. Alirudi nyumbani amefurahi. Kubishiwa kulimpendeza kuliko kusifiwa.

Kisha ikatoka gemu ya vita ambayo kila mtu aliingoja. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Busunzu na unga wa muhogo, na kwa kuwa mchana ule hapakuwa na wateja, aliketi kwenye benchi kumtazama mwanawe akiicheza. Nilikuwa mlangoni. Askari kwenye runinga alikuwa akipita katikati ya kijiji kilichochomwa, akiingia nyumba moja baada ya nyingine. Mama akauliza watu wa kijiji hicho wako wapi. Mume wangu akajibu kwamba wamekimbia.

"Wamekimbia bila kubeba kitu?" mama akasema. "Vyungu vyao vyote viko hapo."

Akatazama kidogo tena, kisha akainuka akaenda kukaa uani, akiwa ameipa nyumba mgongo. Alikaa huko mpaka nilipomwita kula.

Jumamosi ile mume wangu alisema redioni kwamba watengenezaji wa gemu hiyo wamesoma bunduki zote na hawakumwuliza mtu yeyote aliyewahi kukimbia. Alisema njia ya kutoka kijijini haina hata kiatu kimoja kilichoanguka, hakuna godoro lililotupwa kwa uzito, hakuna mtoto aliyerudi kumfuata mbuzi. Hakumtaja mama yake. Akasema gemu hiyo haitachezwa katika chumba chake. Baadhi ya wateja walihamia kwa wengine kwa sababu hiyo, na hakuwafuata.

Nasimulia haya ili ijulikane alikuwa mtu wa namna gani kabla ya gemu ya magari.

Ilitufikia kutoka Mwanza kwa basi, nami nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Aliicheza wiki nzima, na kila siku alitoka chumbani akiwa na hasira zaidi. Redioni aliichambua bila huruma. Alikubali kwamba barabara ni nzuri na mingurumo ya injini ni ya kweli. Lakini magari ya wapinzani, alisema, hayaji, yanazuka. Huyaoni pembeni, huyaoni yakikukaribia, mara moja yako mbele yako na wewe umeshagonga. Alisema huo ni uvivu wa watengenezaji, na ni dharau kwa mchezaji, maana anaadhibiwa kwa jambo ambalo hakupewa nafasi ya kuliona.

Ujumbe ukaanza kuingia kipindi hakijaisha. Mtangazaji aliusoma kwa sauti ya utani mwanzoni. Mtu wa Kasulu mjini alisema magari yanaonekana vizuri tangu mbali. Mwingine akasema labda kaka leo alicheza amelala. Wa tatu, mwalimu wa Kibondo aliyekuwa mteja wake, akaandika kwa heshima kwamba ameicheza gemu hiyo kwenye chumba kile kile, runinga ile ile, na hakuliona tatizo hilo. Mume wangu alijibu kwa ukali. Nilizoea kumsikia akibishana kwa raha. Siku ile sauti yake haikuwa na raha yoyote.

Jumapili baada ya ibada aliniita chumbani kwake. Alitaka shahidi asiyejua gemu. Nilikuwa nimeshika kipande cha satini nyekundu nilichokuwa nakikata kiwe mkanda, nikaketi nacho benchini. Akaanza kucheza. Kwenye kona ya pili niliona gari la bluu likitokea nyuma yake upande wa kushoto, likipanda polepole, likamfikia usawa wa mlango. Nilisubiri alikwepe. Hakulikwepa. Walipogongana akanigeukia na kuniuliza kama nimeona.

Nikamwambia gari lile lilikuwepo tangu kwenye kona. Akasema haiwezekani. Akarudia. Safari hii nilimwambia mara tu lilipoonekana, nikamwambia linakuja, liko hapo kushoto. Akageuza kichwa chote kushoto, kama mtu anayetazama nani amemwita, akaliona. Alipogeuza kichwa kushoto hakuona ukuta wa kulia, akaugonga.

Akaweka pedi chini. Kwa muda alitazama runinga iliyokuwa ikionyesha gari lake limepinduka. Kisha akaniomba nisimame pembeni ya runinga, niinue kile kitambaa chekundu na kukisogeza taratibu kuelekea katikati, naye atatazama mbele bila kugeuka. Akasema nimwambie nikianza. Nilikuwa nimeshaanza. Nilikisogeza mpaka ukingo wa kioo, hakusema kitu. Nikakisogeza juu ya kioo chenyewe. Kitambaa kilikuwa kimekaribia kufika katikati ya runinga aliposema, "Sasa." Tukafanya upande wa pili, ikawa vile vile.

Nikarudi benchini, nikakikunja kile kitambaa. Nje watu walikuwa wakipita wametoka kanisani, wakisalimiana kwa Kiha, mwakeye, mwakeye.

"Kumbe si gemu," akasema.

Hospitali ya Kibondo walimpima wakampa barua ya kwenda hospitali kubwa Mwanza. Daktari wa huko alikuwa mtu mpole, na alizungumza kama aliyewahi kuyasema maneno hayo mara nyingi bila kuyazoea. Alitueleza kwamba ni presha ya macho. Haiumi, ndiyo maana haikumwamsha. Inaua mshipa wa jicho kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuja katikati, na ubongo unazoea kujaza pale pasipoonekana, hata mtu anadhani anaona kila kitu. Mume wangu aliuliza swali moja tu, kama kilichopotea kinarudi. Daktari akasema hakirudi. Kazi yao ni kulinda kilichobaki. Wakampa matone, baadaye wakamfanyia upasuaji kwenye jicho moja. Daktari alinitazama tumboni, akasema mtoto akizaliwa naye apimwe, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika ukoo.

Tulipita Busunzu kumweleza mama. Alikuwa akimenya mihogo. Mume wangu alimweleza kwa Kiha, kwa maneno machache, na mama akaweka kisu chini juu ya maganda.

"Baba yako alianza hivyo," akasema. "Alikuwa anagonga mlango. Anapita kando ya mbuzi bila kumwona. Tukasema ni moshi wa jikoni. Halafu tukasema ni watu wamemfanyia."

Mume wangu akamwuliza kwa nini hakuwahi kumwambia. Mama akajibu kwamba baba alikufa kwa kifua, na tangu siku hiyo watu walipomkumbuka walikumbuka kikohozi. Macho yake yalisahaulika. Yeye mwenyewe alikuwa ameyasahau mpaka saa ile. Akavuta kanga yake usoni akalia bila sauti, akirudia "ihangane, mwananje, ihangane," vumilia mwanangu, na mume wangu akabaki amesimama mkono wake ukiwa begani kwa mama, akitazama mbele.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Kasulu kama kawaida, akawaambia wasikilizaji kwamba ameirudia gemu ya magari na kwamba alikosea. Magari yanaonekana. Gemu ni nzuri, na kosa lilikuwa lake. Hakusema kwa nini. Watu wakamsifu kwa unyenyekevu, mmoja akaandika kwamba laiti viongozi wetu wangekuwa hivyo. Aliporudi alinisimulia jambo hilo huku akivua viatu, kwa uchungu, kama mtu aliyepewa zawadi isiyo yake.

Mtoto wetu alizaliwa mume wangu akiwa bado na kitundu cha kuonea. Ndivyo alivyokiita, kitundu. Nilipompa mtoto mara ya kwanza alimsogeza karibu na uso wake na kumtazama kipande kipande: jicho moja, kisha jicho la pili, pua, kisha mdomo. Kisha akarudi tena kwenye jicho la kwanza. Alichukua muda mrefu sana, na mkunga alidhani anamkagua. Nilijua alikuwa akimshona kichwani, kipande kwa kipande, apate uso mzima.

Kwa muda tulidhani kitundu kile kitabaki. Matone yalipatikana, mara nyingine yalikosekana, tukayaagiza mbali. Lakini mshipa ulikuwa umeshachoka. Kabla mtoto hajaanza kutambaa, mume wangu akawa haoni tena maandishi kwenye runinga. Baadaye hakuona watu, akaona mwanga unaosogea tu.

Wakati huo ndipo nilipojifunza gemu. Tulingoja mchana wateja wanapopungua, mtoto nikiwa nimemlaza kwenye kikapu cha vitambaa, tukafunga mlango wa chumba chake. Mwanzoni yeye alishika pedi na mimi nikamwelekeza: kulia, simama, ruka. Tulishindwa vibaya tukagombana. Kisha nikashika pedi mimi, na yeye akawa wa kuuliza. Nilikuwa mwelezaji mbaya. Nilisema kuna nyumba, yeye akauliza nyumba gani, imechoka au mpya, mlango umefungwa au umeegeshwa. Nilisema kuna ukungu. Akauliza mzito kiasi gani. Siku moja nikamjibu bila kufikiri kwamba ni mwepesi, wa kuonyesha ndani, kama bitana ya gauni la bibi harusi. Akasema sasa ameuona. Kuanzia hapo nilimweleza kila kitu kwa lugha ya kazi yangu. Vivuli vilikatwa mshazari. Barabara ilikunjwa kama rinda. Watu waliotengenezwa ovyo niliwaita nguo za kushonwa bila kupima.

Naye alihukumu kwa maneno yangu na kwa masikio yake. Redioni hakuna aliyejua isipokuwa mtangazaji, ambaye alimpokea stendi na kumshika mkono mpaka studio. Alizungumzia gemu moja ya kutisha ambayo mimi niliicheza nikiwa nimefumba jicho moja, naye akicheka kando yangu. Alisema gemu hiyo inadhani hofu ni kitu kinachokurukia kutoka kabatini. Hofu, alisema, ni ukumbi unaoujua, unaoupita kila siku, na leo huna hakika mlango uko wapi. Waliomsikia walidhani anazungumzia gemu.

Nyingine ilikuwa gemu ya hadithi, ambamo mchezaji huchagua maneno ya kusema kwa watu, na watengenezaji wanamwahidi kwamba kila chaguo lina matokeo yake. Mwanzoni ilimpendeza kwa sababu ilikuwa ya sauti zaidi kuliko picha. Tuliimaliza, akataka tuianze tena na kuchagua tofauti, kisha tena. Jumamosi alisema amejaribu kuwa mpole, amejaribu kuwa katili, amejaribu kunyamaza, na njia zote zimemfikisha kwenye kaburi lile lile. Alisema haidharau gemu kwa kuwa na mwisho mmoja. Anaidharau kwa kutuambia tuchague.

Nadhani ile ndiyo kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Miezi ile tulikuwa karibu kuliko wakati wowote, hata kuliko tulipooana, na ninapoikumbuka najikuta naitamani, ingawa ndiyo miezi aliyokuwa akizama.

Iliisha kwa ujumbe wa mtu mmoja. Alikuwa wa Kibondo, amemwona mume wangu akiongozwa mkono sokoni, akaandika redioni kuuliza inakuwaje kipofu anawachambulia watu gemu. Mtangazaji aliuona ujumbe akauruka, lakini mume wangu alisikia jinsi alivyokata sentensi katikati. Akamwomba ausome. Mtangazaji akasita. Akamwomba tena, hewani, na mtangazaji akausoma kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa mezani na mkasi mkononi.

"Ni kweli," mume wangu akasema. "Sioni. Ninayowaambia nimeelezwa na mke wangu, yeye ndiye anayecheza. Kama kuna nilipokosea, nibishieni."

Hakuna aliyembishia. Ujumbe uliojaa siku ile, na Jumamosi zilizofuata, ulikuwa wa pole. Watu walimwombea. Walimtajia miti shamba, na mchungaji fulani wa mbali, na majani ya kuchemsha. Waliandika kwamba yeye ni mfano kwa jamii. Alisema gemu fulani ni mbovu, wakaandika Mungu akutie nguvu. Alisema nyingine ni nzuri, wakaandika Mungu akutie nguvu. Nilimwambia watazoea na kurudi kama zamani.

Jumamosi moja alizungumzia gemu mpya ya mpira, toleo la mwaka huo. Tulikuwa tumeicheza pamoja na nilijua maoni yake: mwamuzi ni yule yule pambo, wachezaji wanaanguka vile vile. Nikiwa nimewasha redio nilimsikia akisema kinyume. Alisema mwamuzi amekuwa hodari, anaona kila kitu, hata faulo ya kuvutana jezi. Alisema nyasi zinalowa mvua inaponyesha na wachezaji wanateleza. Hapana mvua katika gemu ile, nilimwambia mwenyewe. Nikadhani amechanganyikiwa. Nikasimama nikiwa na mtoto mgongoni, nikingoja mtu yeyote aandike. Wateja wake waliokuwa chumba cha pili, ambao pedi zilikuwa mikononi mwao na gemu hiyo hiyo machoni mwao, walisikiliza redio yangu kupitia mlangoni wakanyamaza. Mtangazaji akasoma ujumbe. Wa kwanza ulisema tunakupenda sana kaka. Wa pili ulisema vivyo hivyo.

Alirudi jioni, akaniomba maji. Akanywa yote.

"Hata mmoja," akasema. "Nimesema mvua inanyesha, na hata mmoja hakusema hainyeshi."

Hakurudi tena Kasulu. Mtangazaji alikuja mwenyewe kumbembeleza, akakaa kwenye kiti changu cha wateja akalia, na mume wangu alimfariji vizuri, akamwulizia dada yake na watoto, lakini hakubadili neno. Kipindi kikapewa mtu mwingine. Nimemsikiliza mara moja. Anasema kila gemu ni moto.

Chumba tulikifunga baadaye, maana hakikuwa na mtu wa kukisimamia, na mimi nisingeweza cherehani na pedi na mtoto kwa pamoja. Mashine zilikwenda kwa kaka yangu Kasulu. Tukahamia Busunzu kwa mama, ambako nashona shule zinapokaribia kufunguliwa na sikukuu zinapokaribia, na siku nyingine nalima. Mume wangu anachambua maharage na kumenya mihogo na mama yake. Wanakaa magoti yao yakielekeana, wanazungumza Kiha, au hawazungumzi. Ameanza kutembea kwa fimbo. Kwa muda mrefu mama hakuweza kuitazama fimbo ile, alikuwa akiondoka mwanawe anapoichukua. Mtoto tunampeleka kupimwa, na mpaka sasa wanasema hawajaona kitu. Neno hilo, hawajaona, mume wangu analirudia tukiwa njiani kurudi, kana kwamba analitafutia kasoro.

Gemu hatuzitaji. Siku za kwanza nilijaribu. Nilimwambia kuna mpya imetoka, nimeisikia kwa kaka, watu wanaipigia kelele. Akasema vizuri, akaendelea na maharage.

Lakini mazoea ya kumweleza hayakuniacha. Masika yaliyopita tulikuwa tukienda kanisani, sisi wawili, mama akiwa ametangulia na mtoto. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia imeharibika. Nikaanza bila kujua, kama tulivyofanya miezi ile chumbani Kibondo. Nikamwambia kushoto kuna dimbwi, maji yake yametulia. Mbele kuna mwanamke amebeba kuni, kitenge chake kimefifia rangi upande mmoja, upande unaokaa juani. Kulia shamba la mtu, mahindi yamelala chini kwa upepo, yote yameangukia upande mmoja kama...

"Basi," akasema.

Nikadhani nimemchosha kwa mwendo. Nikapunguza hatua. Akasimama kabisa katikati ya njia, fimbo imezama kwenye tope.

"Sitaki kuelezwa tena," akasema. "Unaeleza vizuri. Unaeleza vizuri sana, na ndiyo maana. Kila ukimaliza naona kitu, halafu nanyosha mkono hakipo. Nishike mkono tu. Nikikanyaga dimbwi, nitajua ni dimbwi."

Nikamshika mkono. Tulitembea. Mwanamke mwenye kuni alitupita akatusalimu, tukamwitikia. Hatua chache mbele kulikuwa na dimbwi jingine, kubwa kuliko la kwanza, limeziba njia karibu yote, na nililiona tangu mbali. Sikusema. Mguu wake wa kulia ukaingia mpaka kifundoni, maji yakamrukia suruali ya kanisani niliyokuwa nimeipiga pasi asubuhi. Akautoa mguu, akautikisa, akapapasa kwa fimbo mpaka akapata ukingo mkavu.

"Haya," akasema, na tukaendelea. Kanisani walikuwa wameshaanza kuimba.